Aliyeshika Taa Hana Jina: Historia ya Kuonja Mvinyo Jijini London

Wiki hii tunavuka maji, tunaenda London. Kuna swali moja ambalo watu wanaulizana sana siku hizi, hasa wale wenye ndugu kule au wanaojipanga kwenda kusoma na kutembea: ukiwa kwenye jiji kubwa kama lile, utajuaje sehemu nzuri ya kwenda kuonja mvinyo? Ukiuliza mjini utatajiwa mahoteli, magorofa marefu yenye taa za rangi na picha za watu wameshika glasi. Sawa, picha ni nzuri. Ila mimi nataka tupite njia nyingine kabisa, njia ya historia, kwa sababu jiji hilo lina zaidi ya miaka 600 ya kugombania jambo hili hili la nani aonje, aonje nini, na nani amshikie taa.

Na kama kawaida yetu hapa, hatuendi kuangalia wafalme na mabwana wenye sanamu barabarani. Tunawatafuta wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kwa wadau ambao dini zao haziruhusu kilevi, msiondoke, historia hailewesghi mtu. Kaeni, kuna mambo humu ya haki, ya kibarua na ya akina mama ambayo yanatuhusu sote.

Kuonja ni haki ya mnunuzi

Tuanzie hapa nyumbani ili tuelewane. Ukienda sokoni kununua machungwa, muuzaji anayejiamini anakukatia moja uonje. Anayenunua mchele anachukua punje mbili tatu anatafuna. Hakuna anayemshangaa wala kumwita mlafi. Kuonja ni njia ya mnunuzi kujilinda asije akapigwa. Sasa ukilishika hilo, historia yote ya mvinyo London inafunguka yenyewe, maana kuonja kulianza hivyo hivyo. Mambo ya glasi nyembamba na maneno ya kizungumkuti yamekuja baadaye sana.

Hata maneno yetu yenyewe yana safari. Mvinyo tumeupata kutoka kwa Wareno waliofika pwani yetu, na divai imetokana na Kifaransa. Kinywaji hiki kimekuwa cha safari za meli tangu zamani, na London ni mji wa meli.

Mwaka 1152 mtawala mwanamke wa Aquitaine, kule kusini magharibi mwa Ufaransa, aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Kwa ndoa hiyo moja, eneo lote la Bordeaux likawa chini ya mfalme wa Uingereza, na likabaki hivyo kwa miaka 300 hivi, mpaka 1453. Mvinyo ukawa unamiminika London kwa meli. Kando ya mto Thames kukawa na mtaa mzima wa wauza mvinyo, unaitwa Vintry mpaka leo, wenye mashine za kunyanyulia mapipa kutoka melini. Mwaka 1363 wauza mvinyo wa jiji wakapewa hati ya mfalme ya kuwa chama kamili. Walikuwa watu wazito hawa, wenye hela na wenye sauti kwenye jiji.

Lakini kulikuwa na tatizo. Enzi hizo hakukuwa na chupa yenye kizibo kizuri cha kuhifadhia. Mvinyo ulikaa kwenye pipa, na kila ukipunguzwa hewa inaingia. Mvinyo mpya ndio uliokuwa mzuri na wa bei. Ukifika kiangazi cha mwaka unaofuata umeshaanza kuwa siki. Sasa muuzaji amebakiwa na nusu pipa limechacha, atafanya nini? Anachanganya. Anamimina la zamani kwenye jipya, anatia hiki na kile kuficha ladha, halafu anauza kama kawaida. Wajanja wa mjini hawakuanza leo.

Mlango wa ghala uachwe wazi

Jiji likaweka sheria. Katika karne ya 14, mteja wa London alikuwa na haki ya kuona mvinyo wake ukichotwa kwenye pipa. Mwenye baa alitakiwa aache wazi mlango wa ghala lake la chini, asitundike pazia, ili mtu aone unatoka pipa gani na chombo chenyewe ni kisafi au la. Fikiria hilo bwana, miaka karibu 700 iliyopita. Kuna baa za leo ukiomba tu chupa ifunguliwe mbele yako unaangaliwa kama mchawi.

Na adhabu zilikuwepo. Mwaka 1364 muuzaji mmoja anayeitwa John Penrose alikutwa na hatia ya kuwauzia watu mvinyo mwekundu ulioharibika. Hukumu yake ni ya kipekee: alilazimishwa anywe kwanza ule ule mvinyo wake mbovu, na uliobaki akamwagiwa kichwani mbele za watu. Juu ya hapo akapigwa marufuku kufanya biashara hiyo jijini, isipokuwa mfalme amsamehe.

Sasa angalia kitu kimoja. Jina la tapeli tunalo. Lakini nani aliyeonja ule mvinyo mara ya kwanza, akakunja uso, akasema hapana, hii haifai? Kuna mtu alikaa mezani siku ile, labda fundi viatu, labda mbeba mizigo, akakataa kunyamaza. Mpaka kesi ikafika mbele ya wakubwa wa jiji, lazima kuna mtu wa kawaida aliyeanza. Huyo hajulikani. Kwangu mimi ndiye mwonjaji wa kwanza wa maana katika habari hii yote.

Mjane asiye na jina la kwanza

Turuke mpaka karne ya 17. Tarehe 10 Aprili 1663 ofisa mmoja wa serikali, Samuel Pepys, aliingia kwenye baa inaitwa Royal Oak, mtaa wa Lombard. Akanywa mvinyo wa Kifaransa ambao ladha yake ilimgusa kiasi kwamba aliporudi aliuandika kwenye shajara yake, na jina lake akaliandika kama alivyolisikia, akakosea. Ulikuwa ni Haut-Brion, wa kutoka Bordeaux. Wataalamu wanaihesabu siku hiyo kuwa kubwa kwa sababu mtu anautaja mvinyo kwa jina la shamba lake na kusema una ladha ya peke yake. Kabla ya hapo watu wengi walisema tu mvinyo wa Gascony, mvinyo wa Rhine, basi. Baada ya moto mkubwa wa 1666 kuunguza jiji, familia yenye shamba hilo ikamtuma kijana wao, naye baa ya watu wenye nafasi ikafunguliwa London kwa jina la ukoo wao. Kwa hiyo kuonja kukaanza kubadilika. Mtu haonji tu kujua kama kimeharibika, anaonja ajue kimetoka wapi.

Pepys tunamjua. Aliyemmimimia glasi ile, hatumjui.

Mwaka 1698 duka moja lilifunguliwa mtaa wa St James's, namba 3. Halikuwa hata la mvinyo, lilikuwa la vyakula na kahawa, na alama yake ilikuwa kinu cha kahawa. Duka hilo bado lipo pale pale, sasa hivi linaitwa Berry Bros. & Rudd, na ni kati ya wauza mvinyo wakongwe kabisa duniani. Toka 1765 walikuwa wanawapima wateja uzito kwenye mizani ile ile ya kupimia kahawa na kuandika kwenye daftari. Mshairi Byron naye alipanda pale. Yaani tunajua kilo za mabwana wa London wa karne mbili tatu zilizopita.

Ila aliyeanzisha duka? Anaitwa Mjane Bourne. Ni hilo tu. Jina lake la kwanza limepotea. Mwanamke alifungua biashara iliyodumu zaidi ya miaka 300, tunajua Byron alikuwa na uzito gani, na hatujui mama huyu mama yake alimwitaje.

Wakati mwingine hata wakubwa walifichwa majina, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Desemba 1766 bwana James Christie aliendesha mnada wake wa kwanza London, na kati ya vitu vilivyouzwa kulikuwa na mvinyo wa Madeira na wa Bordeaux. Mali ilitangazwa kuwa ya mtu mkubwa aliyefariki, bila kumtaja. Yeye alifichwa kwa heshima, mjane akafichwa kwa kusahaulika. Unaona tofauti?

Chini ya bandari

Sasa tufike sehemu ninayoipenda zaidi. Mwaka 1805 London ilifungua bandari mpya eneo la Wapping, mashariki mwa jiji, inaitwa London Docks. Kwa miaka 21 ya mwanzo bandari hii ilipewa haki ya peke yake: meli zenye tumbaku, mchele, mvinyo na brandi, ukiacha zile za kutoka India na visiwa vya Karibi, lazima zishushe hapo. Chini ya maghala yake walichimba vyumba vya matofali vyenye dari la matao, giza tupu, vinavyoendelea na kuendelea kama mitaa ya mji mwingine chini ya mji. Humo yalilazwa mapipa makubwa ya mvinyo kwa makumi ya maelfu, yakisubiri kulipiwa ushuru.

Na hapo ndipo palipokuwa sehemu maarufu ya kuonjea mvinyo London katika karne ya 19. Utaratibu ulikuwa hivi. Mfanyabiashara mwenye mapipa yake mle ndani anakupa karatasi ya ruhusa ya kuonja. Unaenda nayo getini, unashuka ngazi. Chini unapokewa na fundi mapipa. Unapewa taa ndogo iliyofungwa kwenye kijiti kirefu cha mbao. Sakafuni kumetandazwa unga wa mbao ili miguu isiteleze. Ukuta na dari vimeota kuvu nyeusi zinaning'inia kama pamba chafu. Harufu ya mvinyo imejaa hewani kiasi kwamba mtu anaweza kuanza kulewa kabla hajaonja tone.

Mnafika kwenye pipa, fundi anachukua keekee, anatoboa tundu dogo, mvinyo unaruka kama mshale unaingia kwenye glasi. Anaziba tundu kwa kijiti. Unainua glasi kwenye mwanga wa taa, unaangalia rangi, unanusa, unaonja, kilichobaki unamwaga chini kwenye unga wa mbao. Mnaenda pipa linalofuata.

Kwa mnunuzi wa kweli ilikuwa kazi. Lakini mji ni mji, watu wakageuza mchezo. Vijana wa mjini wakawa wanatafuta karatasi kwa marafiki zao wafanyabiashara ili wakashinde kule chini bure. Mwaka 1821 Pierce Egan alitoa kitabu kilichovuma sana kuhusu maisha ya starehe ya London, na mmoja wa michoro yake unawaonesha mashujaa wake wakionja mvinyo kwenye mapipa ya London Docks. Hao vijana wa kitabuni, watu wa kutungwa, wana majina ambayo London nzima iliyajua. Mafundi wa kweli wa kwenye maghala yale, waliofanya kazi mle kila siku, hawana.

Baadaye hata vitabu vya kuongoza watalii vikaiweka sehemu hiyo. Kile cha Baedeker, ambacho kila mgeni alikibeba, kilieleza namna ya kupata karatasi, kikawaonya wageni wajihadhari na nguvu ya kuonja kwenye hewa ile nzito, na kikasema jambo moja zaidi: wanawake hawaruhusiwi kuingia baada ya saa 7 mchana. Shika hilo la saa 7, tutalirudia.

Getini asubuhi

Mgeni anashuka na karatasi yake saa nne asubuhi, ametoka kupata chai. Lakini geti lile lile saa moja na nusu lilikuwa na picha nyingine. Mwandishi wa habari Henry Mayhew alikwenda pale, akaandika kati ya 1849 na 1850 kuhusu vibarua wa London Docks. Alikuta maelfu ya wanaume wamebanana, wanasubiri msimamizi aite majina. Akianza kuita wanarukiana, wanapandana mabegani, wananyoosha mikono ili waonekane, yote hiyo kwa ajili ya kibarua cha siku moja. Kulikuwa na wachinjaji waliofilisika, wanajeshi wa zamani, makarani walioachishwa kazi, wakimbizi kutoka Poland. Malipo yalikuwa peni 4 kwa saa. Upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa meli haziingii, na maelfu ya watu wanalala njaa na familia zao kwa sababu ya upepo tu.

Mwenzangu uliyewahi kuamka alfajiri kusubiri kibarua getini, bandarini au kiwandani, unaijua hiyo hali. Haihitaji kutafsiriwa.

Hawa ndio walioshusha mapipa, wakayasukuma, wakayapanga mle gizani. Na jioni wakitoka walipekuliwa getini wasije wakawa wamebeba kitu. Mgeni aliyekunywa glasi kumi bure anapita anayumba na walinzi wanamwinamia. Kibarua aliyebeba mapipa mia anapekuliwa mifuko. Na akikutwa amepenyeza mrija kwenye tundu la pipa akavuta kidogo, kazi imeisha. Kitendo ni kile kile, kuonja. Mmoja ana karatasi, mwingine hana.

Na msidhani sisi hatukuwepo. Kwenye maghala ya bandari hiyo hiyo kulikuwa na sakafu ya kuhifadhia pembe za ndovu zilizosubiri mnada. Sehemu ya pembe zilizouzwa London zilitoka kwetu: zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka bara mpaka pwani, zikapita Zanzibar, nyingine zikazungukia Bombay kwanza. Hao wapagazi nao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kwa hiyo juu kulikuwa na jasho la mpagazi wa Afrika Mashariki, chini kuna jasho la kibarua wa Wapping, na katikati anapita bwana ameshika glasi anasifia harufu.

Agosti 1889 vibarua wa bandari za London wakasema basi. Waligoma, watu karibu 100,000, wakidai peni 6 kwa saa badala ya 5, na mtu akiitwa asiitwe kwa chini ya masaa manne. Mapipa yakakaa, meli zikakaa. Njaa ilitaka kuwavunja, lakini michango ikaja, tena kubwa kabisa kutoka kwa wafanyakazi wa Australia, zaidi ya paundi 30,000. Katikati ya Septemba walishinda, peni yao 6 wakaipata. Hakuna kitabu cha mvinyo kinachoiweka habari hii kwenye ukurasa wa kuonja, ila mimi naona inahusika moja kwa moja. Bei ya kitu unachoonja ina mtu ndani yake.

Saa 7 mchana iliisha lini?

Turudi kwa akina mama. Mabadiliko ya kwanza hayakuletwa na wataalamu, yaliletwa na ushuru na duka la kawaida. Mvinyo wa Ufaransa ulikuwa unatozwa shilingi 5 na peni 9 kwa galoni. Mwaka 1860 waziri wa fedha, Gladstone, akashusha mpaka shilingi 3, na muda mfupi baadaye mvinyo mwepesi ukafika shilingi 1. Mwaka 1861 sheria ikaruhusu maduka kuuza chupa moja moja ya kupeleka nyumbani. Ghafla mama wa nyumbani aliyekwenda kununua chai na sukari angeweza kuongeza chupa kwenye kikapu, akaionja mezani kwake, akaamua mwenyewe. Hakuhitaji karatasi ya bwana yeyote wala kuangalia saa. Hao akina mama nao hawana majina kwenye historia, lakini wao ndio waliogeuza mvinyo kutoka kitu cha ghala na klabu za wanaume kuwa kitu cha mezani.

Wataalamu walikuja nyuma. Mwaka 1953 London iliendesha mtihani wa kwanza wa kumpata Master of Wine, yaani bingwa wa mvinyo anayetambulika. Walifanya watu 21, wakafaulu 6. Wote wanaume. Mwanamke wa kwanza kufaulu, Sarah Morphew Stephen, alifaulu mwaka 1970. Mwaka mmoja kabla yake, 1969, kilianzishwa chombo cha kufundisha mvinyo, WSET, ambacho leo kinatoa vyeti kwenye nchi nyingi duniani. Na mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1960 London Docks ikafungwa. Ghala linafungwa, darasa linafunguliwa.

Lakini usifurahi mapema. Mtaa wa Fleet, uliokuwa mtaa wa magazeti na wanasheria, kuna baa ya mvinyo maarufu inaitwa El Vino. Mwanamke hakuruhusiwa kusimama kaunta na kuhudumiwa pale. Alitakiwa aende akakae chumba cha nyuma, aletewe. Hii siongelei karne ya 19, naongelea wakati wazazi wetu wapo. Wanawake wawili, mmoja mwanasheria na mwingine mwandishi, walikwenda mahakamani, na mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Hiyo ndiyo saa 7 mchana ninayoisema. Ilichukua miaka mingi sana kufika saa 8.

Sasa tufanyeje tukifika London?

Historia isiyokusaidia kitu mfukoni ni hadithi ya kulalia. Mimi nimetoa humo vipimo vitano, unaweza kuvitumia London na unaweza kuvitumia jiji lolote.

Cha kwanza, uone chupa ikifunguliwa. Hii ni sheria ya mlango wazi ya karne ya 14. Mahali wanapokuletea glasi zimeshajazwa kutoka nyuma ya pazia, wewe hukuonja, umekunywa tu. Waulize imefunguliwa lini. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Cha pili, ujue nani analipa. Ile karatasi ya London Docks ilikuwa bure kwa sababu mfanyabiashara alitaka ununue pipa. Kuonja kwa bure kwa leo ni vile vile, mwisho kuna kaunta. Hakuna ubaya, ilimradi ujue. Mara nyingi ni afadhali ulipe kiingilio kinachojulikana, uondoke na uhuru wako. Yapo pia maduka yenye mashine zinazomimina kidogo kidogo, unalipia kila funda. Kwa mtu wa bajeti hiyo ni njia nzuri ya kuonja mvinyo wa bei bila kununua chupa nzima.

Cha tatu, vichache na ndoo ya kutemea. Wale vijana wa 1821 walionja mapipa mengi na hawakujifunza kitu. Aina tano au sita zinatosha, na kutema si ushamba, ndiyo kazi yenyewe. Ukiona hakuna pa kutemea, ujue mwenye sehemu anataka ulewe ununue. Ukubwa nao usikudanganye. Mwaka 1999 London ilifunguliwa jengo kubwa la maonesho ya mvinyo chini ya matao ya reli, Vinopolis, likatembelewa na watu wengi, na mwaka 2015 likafungwa. Duka la mjane bado lipo.

Cha nne, angalau mara moja waonjeshe chupa zikiwa zimefunikwa. Tarehe 24 Mei 1976 mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekuwa na duka Paris aliwakalisha majaji Wafaransa, akawafunikia chupa. Waliweka mvinyo wa California juu ya ule wa kwao, kwenye mweupe na kwenye mwekundu. Wangeona majina, nadhani unajua wangechagua nini. Jina kubwa linaonja kwa niaba yako usipoangalia.

Cha tano, na kwangu ndicho kikubwa, mwangalie anayemimina. Anaruhusiwa kuongea? Anajua anachomimina, au amefungwa mdomo anatembeza trei tu? Muulize yeye binafsi anapenda ipi na kwa nini. Sehemu ambayo mhudumu ana jina na ana maoni, mara nyingi na mvinyo wake unaheshimiwa. Sehemu wanayomfokea mhudumu mbele za wageni, hata kama ipo gorofa ya 40, pita hivi.

Kama unataka kuigusa historia yenyewe, nenda Wapping. Sehemu ya maghala ya zamani bado imesimama, inaitwa Tobacco Dock, siku hizi ni ukumbi wa shughuli, na yale matao ya matofali ya chini bado yapo. Kuna Gordon's kwenye mtaa wa Villiers, baa ya mvinyo ya tangu 1890, unainama kuingia na unakaa kwa mwanga wa mishumaa. Na mtaa wa St James's namba 3 mizani ya kahawa bado ipo. Ukiwa pale mbele, mkumbuke mama asiye na jina la kwanza.

Ukiinua glasi kwenye mwanga kuangalia rangi, kama wanavyofundisha kwenye vyeti vyote, kumbuka kwamba zamani ule mwanga ulikuwa taa ya kijiti iliyoshikwa na mtu. Aliijua kila pipa kwa harufu kuliko mgeni yeyote aliyemwongoza. Jioni alipekuliwa getini akarudi nyumbani. Muulize jina anayekumiminia leo, halafu sema asante kwa jina hilo.

Wadau, tupeni na ninyi: ni sehemu gani uliyowahi kuonja kitu, iwe mvinyo, kahawa, asali au hata togwa, ukahudumiwa na mtu anayejua kazi yake kweli? Andika hapo chini, mtaje na jina lake la kwanza kama yeye mwenyewe hana neno. Tusiwaache bila majina tena. Na kama una umri chini ya miaka 18, wewe chukua historia, mvinyo tuachie sisi.